Meno Haya Yatavunjika Wapi

Kosa langu la kwanza lilikuwa zuri sana, na kila aliyeliona alilisifu. Lilikuwa seti ya meno bandia ya juu niliyomtengenezea mzee mmoja mfugaji wa kijiji cha Zombo. Nilikwangua ufizi wake wa akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia, mpaka ukawa mwembamba kama ganda la yai, nikaung'arisha mpaka ungeweza kujinyolea ndevu ukijitazama humo. Pale mbele, panapopita kile kiuzi cha nyama kinachoshika mdomo wa juu, nilikata mkato wenye ncha kali kabisa, kama herufi V iliyopigwa chapa. Mkato ule peke yake ulinichukua siku nzima. Nilipomkabidhi mzee meno yake, nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyehitimu video zote za kwenye simu yake, "Haya hayavunjiki, mzee."

Hayakumaliza wiki mbili. Mzee alikuwa amekaa na wageni waliokuja kuzungumza posa ya binti yake, akauma nyama kwa meno ya mbele, na kazi yangu ikamtoka kinywani vipande viwili mbele ya wakwe watarajiwa. Ilivunjika katikati, kuanzia kwenye ule mkato niliokuwa najivunia. Mazungumzo yaliyobaki ilibidi mdogo wake ayaseme kwa niaba yake, huku mwenye binti ameziba mdomo kwa kiganja kama mtoto aliyekatazwa kuongea.

Vipande hivyo viwili vililetwa kwa mtu ninayetaka kumwandika hapa. Jina simtaji, kwa sababu angenipigia simu kunisahihisha herufi. Kilosa mjini aliitwa Fundi, basi. Mafundi wengine, wa pikipiki, wa redio, wa cherehani, walihitaji kuelezwa ni fundi wa nini. Yeye hakuhitaji. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na sikuwahi kujua ile ya kichwani ilikuwa inatazama nini. Alifanya kazi ya ufundi sanifu wa meno hospitalini mpaka akastaafu, kisha akahamishia meza yake kwenye chumba cha uani nyumbani kwake, karibu na reli. Daktari wa kliniki moja alichukua vipimo vya vinywa vya watu, yeye akatengeneza meno. Mimi nilitokea Mikumi, ambako nilikuwa naunga plastiki za pikipiki zilizopasuka, nikiwa nimejifundisha mwenyewe habari za akriliki. Nilimwomba nifanye kazi mezani kwake. Alinikubali, nadhani, kwa sababu nilimchekesha.

Siku vipande vya mzee vilipoletwa hapo mezani, hakucheka. Aliunganisha vile vipande viwili, akavitazama kwa lenzi, kisha akaniuliza swali ambalo nilikuja kulichukia kuliko mtihani wowote.

"Ulimwambia yatavunjika wapi?"

Nilimjibu kwamba nilimwambia hayavunjiki.

"Basi ulimdanganya mtu mzima," akasema. "Sikia, Profesa. Mpaka siku utakayoniambia yatavunjika wapi kabla hayajavunjika, hugusi seti mpya. Utaunga yaliyovunjika. Hayo huhitaji kubahatisha."

Jina la Profesa likaanzia hapo. Marufuku pia. Na daktari, ambaye alimwogopa Fundi kuliko alivyoniogopa mimi, akaambiwa vilevile: yule kijana asipewe kazi mpya mpaka niseme mimi.

Kabla ya yote alinituma Zombo kuomba radhi. Nilipanda bodaboda na hotuba ndefu ya kitaalamu kichwani, na nilipofika nikaanza nayo bila salamu, kwa wasiwasi. Mzee alinitazama tu. Mdogo wake ndiye aliyenisaidia: "Kijana, shikamoo inauzwa huko kwenu?" Nikasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba nyuma ya kiganja chake, na hotuba yote ikanipotea. Nilirudi Kilosa nikiwa nimesema maneno mawili tu ya maana: shikamoo, na samahani.

Fundi hakuamini kitu ambacho hajakivunja. Uani kwake palikuwa na matofali mawili ya kuchoma, yamesimama kwa umbali wa kiberiti kimoja. Kila akifungua unga mpya wa akriliki, alitengeneza kwanza vipande vyembamba kama rula ya mtoto wa chekechea, akakilaza kimoja juu ya matofali hayo, akaning'iniza ndoo ndogo katikati yake kwa waya, kisha akamimina maji kikombe kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti, mpaka kipande kiseme tak. Majirani walizoea. Wageni walidhani ni uganga.

Alinipa hiyo kazi ya kumimina. Nilimimina miezi na miezi. Mimi, niliyekuja kuweka tabasamu kwenye nyuso za watu, nikawa mmwagaji maji mkuu wa uani.

Siku moja aliniuliza: kipande hiki kinabeba ndoo moja, je, nikikipunguza unene nusu? Nikajibu nusu ndoo, upesi, kama mtu anayejibu mtoto. Akaniambia nimimine. Kilivunjika kwenye robo. Nikarudia mara tatu, maana mimi siamini jambo mpaka linidhalilishe mara tatu. Robo. Robo. Robo na tone. Akriliki ikiwa nyembamba kwa nusu, uwezo wake wa kubeba hauwi nusu, unakuwa nusu ya nusu. Ndipo nikakumbuka lile ganda la yai la mzee wa Zombo, nikajiona nimekaa siku nzima nikimkwangulia mtu nguvu zake na kuzifagia chini kama vumbi.

Halafu akanipa wembe. Kwenye kipande kimoja nikachora mkwaruzo wenye ncha, kama ule mkato wangu maarufu. Kwenye kingine nikachonga mfuo wa duara kwa msasa, kina kilekile. Cha duara kilivumilia. Chenye ncha kilikatika vikombe vichache tu baada ya kuanza, hata sikuwa nimechutama vizuri.

"Nguvu ikipita kwenye duara inazunguka," alisema Fundi, akiokota vipande. "Ikifika kwenye kona inasimama pale na kufanya vurugu. Kama vijana wa stendi."

Alikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, tupu, alimokusanya meno yaliyovunjika, ya kwake na ya mafundi wengine. Mteja akileta yaliyovunjika na kutaka mapya, ya zamani aliyabakiza. Alisema ndiyo shule yake. Alipokosa usingizi wa mchana alimwaga kopo mezani na kunihoji: hili lilikufa kwa nini? Nikajifunza kusoma sura ya mvunjiko. Ukiwa laini na unang'aa karibu na mahali ulipoanza, kisha unakwaruza mbele, basi ufa ulitembea polepole kabla ya kumaliza kazi kwa mara moja. Hayo hayakuvunjika kwa tonge moja gumu. Yalichoka. Watu wote hulaumu tonge la mwisho. Kwenye kopo lile kila mteja alikuwa ameapa kwamba alikuwa anakula wali laini.

Ili nielewe kuchoka ni nini, alinipa kipande kizima, chenye mkwaruzo mdogo usioonekana, akaniambia nikipinde kidogo sana kwa vidole na kukiachia, nikipinde na kukiachia, wakati tunasikiliza redio. Kidogo kiasi kwamba kipande hakionyeshi dalili yoyote. Taarifa ya habari ikapita. Matangazo ya vifo yakapita. Kipindi cha kilimo kikaanza. Nilikuwa nimeshaanza kumdharau yeye na jaribio lake pale kilipokatika mkononi mwangu katikati ya maelezo ya mbolea, bila nguvu yoyote, kama biskuti. Nilishtuka nikaomba radhi, sijui nilimwomba nani.

"Mtu anatafuna mara ngapi kwa siku?" akaniuliza. Nikasema sijui. "Hata mimi sijui. Lakini meno yanajua."

Kuhusu kuchemsha alikuwa na uchamungu wa ajabu. Unga wa akriliki na maji yake yenye harufu kali huchanganywa mpaka viwe donge, donge hubanwa ndani ya kikopo cha chuma chenye umbo la kinywa, kisha kikopo huchemshwa kwenye sufuria. Ukiharakisha moto, yale maji yanachemka humo humo ndani kabla donge halijaiva, na ufizi unatoka na mapovu ndani yake, kama barafu ya soda. Kwa hiyo jiko lake la mkaa lilifunikwa majivu, na sufuria ilikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua linaegemea, maji yakiwa ya moto bila kucheza. Kisha alikiacha kikopo kipoe ndani ya maji yake yenyewe, hata kama mteja aliyetoka Masanze kwa baiskeli ameketi nje. Ukikifungua cha moto, ufizi unajikunja kwa hasira na hautakaa kinywani kwa mtu tena. Mteja akilalamika, Fundi alitoka nje, akamsalimia vizuri kabisa, akamwambia, "Nimekuja kukuuliza kama unataka kuyachukua leo au unataka yakutoshe." Sikumwona aliyechagua leo.

Mtu huyo huyo, mwalimu mkuu wa subira, hakuweza kusubiri chai iive. Alikunywa maji ya majani yenye rangi ya mkojo wa sungura na kuapa kwamba imekolea. Alivuka reli bila kutazama upande wowote. Aliwahubiria wateja wote kwamba meno usiku yalale kwenye glasi ya maji, maana akriliki hunywa maji, na ikikaukiwa hubadilika umbo na kuwa kavu, rahisi kukatika. Mama mmoja muuza chakula wa Mikumi alikuwa ameyaanika ya kwake juani pamoja na dagaa, na mwingine aliyatumbukiza kwenye maji yanayochemka ili kuua wadudu. Wote wawili walipewa hotuba ambayo nadhani bado wanaisikia. Lakini meno ya Fundi mwenyewe, ya juu, aliyatoa akichoka, akayafunga kwenye leso yake kavu, akayatia mfukoni pamoja na funguo. Niliyaona kwa mbali tu. Nilipothubutu kumuuliza kuhusu ile leso, aliniambia nikamimine maji kwenye ndoo.

Alikuja wakati fulani kijana mwuzaji kutoka Dar es Salaam, amevaa viatu vyenye ncha kali kuliko mkato wangu, akileta meno ya aina mpya, ya plastiki laini. Aliyakunja kwenye kiganja mpaka ncha zikagusana, akayaachia, yakarudi. "Mama, haya ndiyo yenyewe. Hayavunjiki milele." Niliposikia neno hilo nilitazama chini. Fundi aliyachukua, akayakunja yeye mwenyewe, akayaachia, akayakunja tena, akionekana kupendezwa kweli.

"Mwanangu," akamwambia, "yakipinda hivi kinywani, nyama itakatwa na nini?"

Kijana alieleza mambo mengi ya teknolojia. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai ile ile, na kijana akanywa, maskini. Baada ya yeye kuondoka Fundi aliniambia kwamba meno yale yanafaa kwa mtu aliyepoteza mawili matatu, na atayanunua kwa ajili hiyo. Lakini mbele ya mwuzaji asingekubali hilo kwa dawa yoyote.

Mzee wa Zombo alitengenezewa seti nyingine na Fundi. Ilikuwa nene, ya kawaida, haina uzuri wowote wa kumfanya mtu ajinyolee ndevu. Nilisimama pembeni wakati anamkabidhi. Hakumwambia ni meno mazuri. Alimwonyesha kwa kidole mahali pa hatari, akamwambia nyama aitie pembeni kwenye magego ya pande zote mbili, asiivute kwa meno ya mbele kama simba wa hifadhini. Mzee akacheka, mara ya kwanza bila kiganja. Nilimwonea wivu Fundi kwa kicheko kile, nikakaa nacho kifuani kama deni.

Basi niliunga. Nilirudi Mikumi nikapata kijimeza nyuma ya duka la vipuri, kando ya barabara kuu, na kliniki ikaniletea yaliyovunjika tu. Mivunjiko yote ya wilaya ilipita mikononi mwangu. Nilipanua ufa, nikaviringisha kona, nikajaza akriliki, nikang'arisha. Kila mara malori yalipopita meza ilitetemeka, nami nikaanza upya, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yangu na sina dawa yake. Nakiri kwamba nilitamani seti mpya moja tu kuliko nilivyotamani kuoa, na mama yangu aliyajua yote mawili. Kila nilipokwenda Kilosa kumsalimia Fundi, aliniitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye kazi, akachukua seti yoyote mezani, akanirushia. "Yatavunjika wapi?" Nami nilijibu mambo ya kitabuni: kwenye mkato, kwenye mkato. Akaichukua seti yake. "Hujamwona mwenye kinywa," alisema, "umeona plastiki tu." Sikumwelewa. Nilidhani ananinyima kwa sababu ya uchoyo wa wazee. Nilisema hivyo kwa watu wawili, na najua yalimfikia.

Kisha asubuhi moja alishuka kwenye basi mbele ya lile duka la vipuri, bila taarifa, amebeba kitu kimefungwa kwenye kanga. Nikasema shikamoo nikiwa bado nimeshika msasa. Alikaa kwenye kiti changu, akaitazama meza yangu ilivyopangwa, kila kifaa na mstari wake, akasema inampa kizunguzungu.

"Nimekuletea kazi mpya."

"Ya nani, Fundi?"

"Ya kinywa hiki." Akainua mkono wake, akauacha hewani niuone. Ulikuwa unatetemeka, kidogo, bila kusimama. "Umeanza mwaka huu. Hakuna anayejua ila daktari na wewe, na wewe mdomo wako unajulikana."

Ndani ya kanga mlikuwa na umbo la kinywa chake kwa plasta, ile inayoganda ngumu kama chokaa, lililochukuliwa na daktari. Kisha akafungua ile leso. Niliyashika meno yake kwa mara ya kwanza, nikayainua kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya ufizi, upande wa kulia ulio mnene, palijaa mapovu, kama barafu ya soda.

Nikamwambia, nikiwa sijui kama naruhusiwa, kwamba yana mapovu.

"Najua. Nilikuwa na treni ya kuwahi, nikawasha mkaa mwingi." Akasema hivyo kana kwamba anazungumzia jirani. "Nilikuwa na umri wako. Niliona aibu kuyatupa, nikaona aibu kuyavaa, nikayavaa."

"Na hayajavunjika miaka yote hii?"

"Najua yalipo mabovu. Sitafunii huko."

Niliyatengeneza kwa siku nne. Nilivunja vipande vitatu vya majaribio juu ya matofali yangu mwenyewe. Nilichemsha kwa majivu kutwa nzima, nikaacha yapoe mpaka kesho yake. Nilishika msasa mara kadhaa ili nipunguze unene nyuma ya meno ya mbele, pazuri pa kupunguza, na mara zote niliuweka chini. Nikatumia muda mwingi zaidi kufanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: kulitazama lile umbo la plasta. Nililipapasa kwa kidole mpaka nikaona kitu.

Aliporudi aliyagonga mezani mara mbili, akasikiliza. Akapitisha ukucha kwenye mkato wa mbele, ulioviringika kama ukingo wa kijiko. Hakusema ni mazuri. Akaniuliza lile swali.

Nikamwonyesha kwa kidole. "Hapa. Katikati, nyuma ya meno mawili ya mbele, kwa ndani. Si kwenye mkato."

"Kwa nini?"

"Fizi zako za pembeni zinaisha, Fundi, na katikati kaakaa lako ni gumu. Zikizidi kupungua, haya yatakaa kama ubao juu ya jiwe. Kila ukitafuna yatapinda kidogo huku na huku, mpaka yachoke."

"Lini?"

"Sijui. Kwa hiyo urudi kwa daktari kila mwaka aangalie kama bado yanakaa."

Lori likapita, vifaa vyangu vikahama kwenye mistari yao, na mara hiyo sikuvigusa. Kumwambia mwanamke mzima, fundi wangu, kwamba kinywa chake kinaisha, halikuwa jambo nililolifanyia mazoezi kwenye simu.

"Asante kwa kunizeesha," akasema mwishowe, akayavaa. Akafunga kinywa, akafungua, akafunga. Kisha akatoa simu, akampigia daktari pale pale mbele yangu.

"Yule wa Mikumi," akasema. "Mpe seti mpya." Akasikiliza kidogo. "Hapana, yatavunjika tu. Lakini anajua wapi."

Akaomba glasi ya maji. Nilidhani ana kiu. Akayatoa yale ya zamani kwenye leso, akayatumbukiza humo, akaiacha glasi juu ya meza yangu na kwenda kungojea basi.

Tangu hapo natengeneza seti mpya. Ni nene kuliko ninavyopenda, mikato yake ni ya duara, na kabla mteja hajaziweka kinywani namwonyesha kwa kidole mahali zitakapovunjikia.